Mizani ya Maneno katika Mitihani ya Kiingereza

Wengi wetu tulifunzwa Kiingereza, na wengine twawafunza watoto. Leo twataka kupima maswali ya mtihani yahusuyo vitenzi vigeukavyo majina, na desturi ya kuyalinganisha maneno kama mizigo ya mzegazega.

Kiswahili chatumia namna moja tu: kusoma, kuandika, kuimba. Wazee husema, "Kupotea njia ndiyo kujua njia." Ku huku na ku huku, wala mzigo haupindi. Lakini Mwingereza ana namna mbili: "to read" na "reading". Asema "Seeing is believing", tena aweza kusema "To see is to believe". Hachanganyi akasema "To see is believing", maana mzigo utalemea upande mmoja. Hapo ndipo watoto wetu waangukapo.

Mtihani wa TOEFL ulianzishwa Marekani mwaka 1964. Kwa miaka mingi sehemu yake ya sarufi ilikuwa na maswali 40 ya kujibiwa kwa dakika 25. Katika 25 ya maswali hayo, maneno manne yalipigwa mstari, naye mtahiniwa alitafuta lenye kosa. Maswali ya namna hii yameenea katika vitabu vingi vya mazoezi.

Hatuyadharau, kwa maana ulinganifu ni jambo jema. Lakini twaona upungufu. Tazameni sentensi mbili hizi: "He is good at running, jumping and to swim"; na "He likes running, jumping and to swim." Jibu la zote mbili ni kwamba "to swim" ni kosa. Ni kweli, lakini si kosa la namna moja. Katika ya kwanza, neno "at" halikubali "to swim" hata likiwa peke yake. Katika ya pili, "He likes to swim" ni Kiingereza safi. Kosa lake ni kutofanana na wenziwe tu. Mtihani wazipa zote alama moja, wala hauulizi sababu. Basi mtoto hujifunza kutazama mikia ya maneno: aonapo "ing", huitafuta nyingine.

Mtoto huyo akikuta "He stopped working to drink water", atakata "to drink" na kuandika "drinking". Kumbe sentensi haikuwa na kosa. Mtu yule aliacha kazi ili anywe maji. Kuacha ni tendo, kunywa ni sababu yake. Havikupangwa safu moja, wala hapana "and" la kuviunga. Kwa kusawazisha mikia, mtoto ameharibu maana.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wawazoeze watoto kuuliza mambo matatu kabla ya kujibu. Je, maneno haya yamo katika safu moja? Je, kila moja lakubaliwa na neno lililolitangulia? Je, maana yake kwa Kiswahili ni nini? Mtoto awezaye kueleza hayo atafaulu mtihani, na hata barua atakayoiandika baadaye, pasipo mwalimu karibu, itasema lile alilokusudia.