Kamera Mbele ya Mtu Anayefikiri

Anayetengeneza filamu ya bondia ana ngumi, jasho na mtu anayeanguka ulingoni. Anayetengeneza filamu ya bingwa wa sataranji ana mtu aliyekaa kitini saa nne, mkono shavuni, ambaye mwishowe anasogeza kete moja kwa vidole viwili. Vita vyote viko kichwani mwake, na kamera haiingii humo. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaotengeneza filamu za hali halisi juu ya mabingwa hawa.

Benjamin Ree wa Norwei alitoa filamu yake, Magnus, mwaka 2016. Alikuwa na hazina: video zilizopigwa na familia ya Magnus Carlsen tangu bingwa huyo akiwa mtoto. Lakini video za nyumbani wanazo watu wengi. Ufundi ni kuchagua uso upi wa utotoni utangulie uso upi wa ukubwani, ili tufikapo Chennai mwaka 2013, Carlsen anapomvua taji Viswanathan Anand mbele ya watu wa nyumbani kwake, tuwe tunamjua anayecheza. Kuna mahali Carlsen anapambana na watu kumi kwa mpigo, amewapa mgongo, haoni ubao hata mmoja. Kamera inabaki na uso wake na nyuso za wale kumi. Zinatosha.

Kwa nini zinatosha, watu wa Tandika na Mwananyamala, huku Dar, wanajua. Nenda kijiwe cha drafti jioni, pale vizibo vya soda ndivyo kete, vya huyu vimefunikwa, vya yule vimefunuliwa. Anayefika amechelewa hauoni ubao; umati umeuziba. Basi anasoma nyuso: nani kanyamaza ghafla, nani anauma mdomo, nani kaanza kucheka chinichini. Anajua nani anakaribia kufungwa kabla hajaona kizibo hata kimoja. Mtengenezaji hodari humweka mtazamaji mahali pa huyo aliyechelewa. Hata asiyejua farasi wa sataranji anarukaje, ataumia pamoja na anayeshindwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna kisa cha Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alifuata uji kwenye darasa la sataranji la Robert Katende, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya mchezo huo kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mira Nair alikifanya filamu ya kuigiza, Queen of Katwe, mwaka 2016. Naipenda filamu hiyo, ila kinachonishika zaidi kipo mwishoni kabisa, hadithi ikiwa imekwisha: waigizaji wanasimama kando ya watu halisi waliowaigiza, Madina Nalwanga na Phiona, Lupita Nyong'o na Nakku Harriet, mama yake Phiona. Hapo mkono wa Nair wa zamani unaonekana, maana alianzia kwenye filamu za hali halisi. Mwaka 2014 alikuwa ameshatoa filamu fupi ya aina hiyo juu ya Katende, A Fork, a Spoon and a Knight. Alimsikiliza mtu kwanza, ndipo akatafuta wa kumwigiza.

Dar tumezoea vibanda umiza, ambako mtafsiri kama Lufufu alituelezea kila kinachopita kwenye kioo, na sanaa hiyo naienzi. Filamu ya mtu anayefikiri inadai sanaa nyingine: kujua pa kunyamaza.

Tunao mabingwa wa drafti na bao, Mtoni na Tandale, ambao sifa zao hazivuki safari ya daladala moja. Simu ya mkononi inatosha kuanzia. Anahitajika mtu wa kurudi kijiweni jioni baada ya jioni mpaka wachezaji waisahau kamera. Amfuate bingwa kazini mchana, kwenye cherehani au genge la nyanya. Amsikilize mkewe akieleza jinsi mume anavyorudi usiku. Akifika kwenye bao lenyewe, mashimo 32 na kete 64, asihangaike sana na mkono unaosambaza kete. Wazee waliozunguka wanahesabu pamoja na mchezaji, na wanaojua hupiga kelele kabla kete ya mwisho haijadondoka. Kamera iwaelekee hao.