Ajabu na Mstaajabiwa: Picha za Nyiragongo na za Chukudu

Miongoni mwa picha na filamu fupi ambazo watu hupitishiana kutoka simu hadi simu kwa kusudi la kustaajabishana, mji wa Goma umetoa aina mbili mashuhuri. Ya kwanza ni ya ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko ya Nyiragongo, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 3,470. Ya pili ni ya vijana wanaoteremka barabarani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala injini, wakiwa na shehena ya makaa, viazi au kabichi. Zote huitwa maajabu. Mhakiki hana budi kuuliza ni nini hasa kinachostaajabiwa humo.

Picha ya ziwa ilipigwa mara nyingi usiku, kutoka ukingo wa kasoko. Wekundu hujaza picha nzima. Nyufa za moto hujichora na kufutika juu ya utando mweusi. Kisha huongezwa muziki. Uzuri wake haukanushiki. Lakini mpiga picha ameupa mji mgongo. Lau angegeukia kusini angeziona taa za Goma, umbali usiofika kilomita 20. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipasua ubavu wa mlima, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na ziwa lile la kasokoni likatoweka. Usiku huo picha za anga jekundu zilisambazwa na watu waliokuwa njiani, magodoro kichwani, wakiitana gizani. Rangi ni ile ile, utanzu umebadilika. Ya awali ilikuwa sifa, hii ni habari, tena habari ambayo jirani alihitaji kuipata upesi.

Picha ya chukudu, kinyume chake, ina mtu, ila huuficha ustadi wake. (Jina lenyewe, husemwa, ni tanakali ya sauti ya magurudumu.) Mtazamaji wa mbali huona mwendo wa kasi na ujasiri. Haoni fundi anayechagua mti mgumu kwa kiunzi, anayevika magurudumu mpira wa tairi kuukuu, na kuning'iniza kipande kingine nyuma kiwe breki ya kukanyagwa. Haoni goti moja likitulia juu ya kiunzi wakati mguu wa pili unasukuma ardhi. Maelezo chini ya picha hutosheka na neno moja la mshangao pamoja na jina la nchi. Hayataji mti, fundi, wala ujira wa mzigo. Hili ni pungufu la lugha kabla ya kuwa pungufu la picha, kwani Kiswahili cha Goma kina maneno ya kazi hiyo, na wenye maneno hawakuulizwa.

Inastahili kuangaliwa pia kwamba filamu hizi karibu zote huchagua mteremko. Mteremko hudumu sekunde chache na hupendeza. Kupanda, chombo kikisukumwa kwa kifua na mikono huku mzigo ukivuta nyuma, huchukua saa kadhaa, na hakuna anayempelekea rafiki yake filamu ya namna hiyo.