Boma Linauzwa

Matangazo ya madalali wa Karatu yana sarufi yake. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule, jiko, stoo, choo cha ndani. Umeme upo, maji yapo, gari linafika mlangoni. Paa la kuficha. Mazungumzo yapo. Nimeyasoma kwa miezi kadhaa, mwanzoni kwa sababu dada yangu alikuwa anatafuta pa kununua, baadaye kwa sababu nilijikuta nayasoma kama tunavyosoma mashairi darasani, nikitafuta kinachorudiwa na kinachoachwa. Kinachoachwa ni umri. Mwaka wa ujenzi hautajwi kamwe, isipokuwa nyumba iwe mpya, na hapo "haijawahi kukaliwa" inakuwa sifa kubwa kuliko zote. Nyumba iliyozaa watoto na kuuguza wazee huuzwa kama kiwanja: "ndani yake kuna nyumba ya zamani."

Neno linalonisumbua zaidi ni boma. Ukipanda juu, ukapita lango la Loduare, boma ni nyumba pamoja na zizi, uzio wa miiba, watu na ng'ombe wao. Enzi za Wajerumani lilikuwa ngome ya serikali, na ndiyo maana miji mingi ina mtaa wa Bomani. Kwa dalali, boma ni kuta zilizofika kwenye lenta, hazina paa, mwenyewe kaishiwa. Neno lililobeba ukoo mzima sasa linabeba nyumba ambayo haijaingiwa na mtu hata mmoja. Vijana wanayapenda maboma haya, na sababu zao zinaeleweka. Mkopo wa nyumba wa benki bado ni wa wachache, kwa hiyo unanunua kuta leo, unapaua mwakani, unahamia kabla ya dari na vigae, na maisha yanaendelea.

Halafu kuna hilo paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu ya bati ili mtu wa barabarani asilione, nyumba ionekane kama sanduku. Wairaqw walijua kuficha kabla yetu. Nyumba zao za zamani zilichimbwa kwenye mteremko na kuezekwa udongo juu ya miti, bapa, kiasi kwamba adui angeweza kupita juu yake asijue kuna familia na ng'ombe chini. Walificha mifugo isitekwe. Sisi tunaficha bati. Sisemi hivyo kwa kejeli tu (ingawa kidogo ipo). Paa la udongo lilikuwa jibu la swali la mahali hapa, pamoja na baridi yake, maana joto la ng'ombe lilibaki ndani. Paa la kuficha ni jibu lililotoka kwenye picha za simu, na masika yakifika, maji hutuama kwenye mfereji wa ndani na kutafuta dari la jipsamu.

Hata hivyo ukosoaji wa nyumba mpya una historia ya kukosea shabaha. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Nyerere alilalamika kwamba watu wanakataa tofali za kuchoma na vigae, wanang'ang'ania kungoja bati na "udongo ulaya", yaani saruji. Kwa hesabu ya gharama alikuwa sahihi. Lakini aliona kasumba tu mahali ambapo mimi naona pia uchovu. Nani hukandika ukuta upya kila baada ya mvua? Nani hupuliza moto kwenye moshi? Katika boma la Kimaasai mwanamke ndiye hujenga, hukandika kwa udongo na samadi, na huanza tena ukuta ukipasuka. Wanaume wanaosifia nyumba ya asili kwenye makongamano hawajashika samadi.

Dada aliulizwa na baba mbona asikae kwenye nyumba ya nyumbani, maana wazee wamebaki wawili tu. Alijibu kwa adabu: "Baba, ile nyumba ni yetu sote. Mimi nataka yenye jina langu." Pale nyumbani chumba chake tayari kilikuwa stoo ya mahindi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini sheria haihamishi magunia. Alinunua boma. Alibishana na fundi wiki nzima kuhusu dirisha la jiko, akashinda.

Ubishi huo ndio ninaoutumia sasa kupima nyumba, kuliko upya au ukale wake. Kwenye ukingo wa kreta, Ngorongoro Crater Lodge imejengwa kwa kuiga manyata, na mgeni hulipa fedha nyingi alale humo. Wakazi wa hifadhi hiyohiyo, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ahadi kwamba watu na wanyama wataishi pamoja, huzuiwa kujijengea nyumba za kudumu. Na tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni, kwenye nyumba mpya za vyumba vitatu zilizopangwa kwa mistari. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wanakataa, wakitaja huduma za afya na elimu zilizopunguzwa hifadhini.

Ukizisoma nyumba za Msomera kwa sarufi ya dalali, hazina kasoro: bati, saruji, hazijawahi kukaliwa. Ila ramani ni moja, na familia si moja. Mwenye wake watatu, kila mmoja aliyezoea kujenga nyumba yake kwa mikono yake na kuamua mlango utazame wapi, anakabidhiwa ufunguo mmoja. Fundi wa kubishana naye hayupo. Kuta zilipandishwa kabla hawajafika.