Pan-European ya 1998: Bei ya Haki Ilivyopatikana

Muuzaji alitaka pauni 2,400. Pikipiki ni Honda ST1100 Pan-European ya mwaka 1998, dashibodi yake inasoma maili 58,000, sawa na kilomita 93,000 hivi, na tangazo lilisema imetunzwa vizuri. Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Leicester, alikuwa ameshaipenda kabla hajaiona. Aliniomba twende wote kuikagua, na mwishowe akaichukua kwa pauni 1,850. Naamini hiyo ilikuwa bei ya haki kwa pande zote mbili, na njia tuliyoifuata kuifikia inafaa kwa pikipiki yoyote kubwa ya safari iliyokula umri.

Kwanza chombo chenyewe. Honda waliitoa ST1100 mwaka 1990 wakiwalenga waendeshaji wa Ulaya wanaokwenda mbali kwa barabara kuu, mvua ikinyesha, abiria yuko nyuma na mizigo iko pembeni. Injini ni V4 ya cc 1,084 inayopozwa kwa maji, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, hakuna cheni. Tangi linabeba lita 28 na limewekwa chini ya kiti, ili uzito ukae chini. Pikipiki nzima inakaribia kilo 300. Polisi wa Uingereza waliitumia sana. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2002, ST1300 ikachukua nafasi, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 20.

"Kaka, imetembea sana hii," jamaa yangu alisema alipoona zile maili 58,000. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoanzia, na ndipo wanapopotea. Injini ya ST1100 ikibadilishwa oili kwa wakati hupita maili 100,000 bila kufunguliwa. Maili zenyewe hazipunguzi bei kiasi hicho. Kinachopunguza bei ni kazi iliyopaswa kufanyika ikaahirishwa, kwa sababu deni hilo analirithi mnunuzi. Tulichokuwa tunakitafuta siku ile ni deni hilo: liko wapi, na ni pauni ngapi.

Huwezi kupunguza kabla hujajua unapunguza kutoka kwenye nini, kwa hiyo tulianza na bei ya msingi, yaani bei ambayo pikipiki ya aina ile, ya umri ule, yenye karatasi zake na isiyodai matengenezo ya haraka, inauzwa kweli. Bei zinazoombwa kwenye matangazo zinadanganya. Tangazo lililokaa miezi kadhaa kwa pauni 3,000 ni ushahidi kwamba hakuna mtu anayetoa pauni 3,000. Tuliangalia bei za minada iliyokwisha fungwa, na matangazo yaliyoondolewa ndani ya siku chache. Tukaona pikipiki nzima za aina hii zinakwenda karibu na pauni 2,200. Hiyo ndiyo ikawa namba yetu ya kuanzia.

Kisha tukageukia karatasi, kabla hata ya kugusa pikipiki. Uingereza ina jambo moja zuri ambalo natamani lingekuwepo kila nchi: ukaguzi wa kila mwaka, wenyewe wanauita MOT, umehifadhiwa kwenye mtandao wa serikali tangu mwaka 2005, na mtu yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kuusoma bure. Unaona maili zilizosomwa kila mwaka, unaona ilifeli kwa nini, na unaona yale ambayo mkaguzi aliyapitisha huku akitoa onyo. Ya kwetu ilikuwa inatembea maili elfu mbili tatu kwa mwaka, halafu kuanzia 2019 ikashuka hadi mia chache. Kwa mtazamo wa muuzaji hiyo ni sifa. Kwa mtazamo wangu ni onyo. Pikipiki inayosimama gereji inaharibika kwa namna yake: petroli inaacha utomvu ndani ya kabureta, sili zinakauka, pistoni za breki zinang'ang'ania. Mkaguzi mmoja alikuwa ameandika pia kwamba beringi za usukani zinashika kidogo. Onyo hilo lilijirudia mwaka uliofuata, maana yake mwenye chombo alilisoma na akaliacha.

Tulilinganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi. Tukahakikisha haidaiwi mkopo, na kwamba bima haikuwahi kuiandika kuwa imeharibika. Tangu Oktoba 2017 bima za huko hutumia daraja la S kwa chombo kilichoumia kwenye muundo wake, na N kwa kile ambacho muundo wake haukuguswa. Chombo kilichopewa mojawapo ya herufi hizo hakiwezi kudai bei ya mwenzake asiye nayo, hata kikitengenezwa vizuri kiasi gani. Ya kwetu ilikuwa safi.

Tulikuwa tumemwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Injini ya moto inaficha mengi. Niliweka kiganja karibu na kifuniko cha injini, kikawa baridi kama jiwe la alfajiri, na hapo nikajua tunashughulika na mtu mkweli. Iliwaka kwa choki bila kusumbua, ikatulia baada ya dakika moja, ekzosi haikutoa moshi wa bluu, na hapakuwa na harufu ya petroli. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kabureta nne za ST1100 zimejibana katikati ya V, zimezungukwa na mipira na vibomba vya kila aina, na fundi anayezitoa kuzisafisha anatumia siku nzima kabla hata hajaanza kazi yenyewe. Kabureta zingekuwa chafu, hesabu yote ingebadilika.

Sehemu niliyoikagua kwa muda mrefu zaidi ni mkono wa nyuma, ule unaolishika gurudumu. Kila pikipiki ina kidonda chake, na hiki ni kimojawapo cha ST1100. Chuma chake huoza kutoka ndani, hasa pale bomba la kati lilipochomelewa, kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Rangi ya nje inaweza kuwa nzima huku ndani chuma kimebaki karatasi. Tulilala chini na tochi, tukasugua tope kwa kitambaa, tukapitisha kidole kwenye mshono wa welding kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha tukagonga kwa mpini wa bisibisi tukisikiliza. Palikuwa na kutu ya juu juu, ya kusugua na kupaka rangi. Hapakuwa na uvimbe, wala sauti ya chuma kilichochoka. Kama tungekuta kimetoboka, ningemshauri jamaa yangu aondoke, au atoe bei ya spea tu.

Kidonda kingine cha ST1100 ni alteneta. Za mwanzo zilikuwa na alteneta ya ampea 28 inayojulikana kwa kufa, na kuibadilisha ni kazi kubwa. Kuanzia modeli za 1996 Honda waliweka ya ampea 40, na tatizo likaisha. Ndiyo maana pikipiki mbili za ST1100 zinazofanana kwa macho, moja ya 1994 na nyingine ya 1998, hazina bei moja. Faida hiyo tayari ilikuwa ndani ya bei yetu ya msingi, kwa sababu tulilinganisha na za miaka ile ile.

Tukaiweka kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele likainuliwa, nikageuza usukani polepole kwa vidole viwili. Katikati kabisa ukanasa, kisha ukaachia. Mkaguzi wa MOT alisema kweli. Gurudumu la nyuma nalo lilizunguka nusu tu na kusimama: pedi zilikuwa zinagusa diski wakati hakuna aliyekanyaga breki. Modeli hii ina ABS na breki zilizounganishwa, ukikamata ya mkono baadhi ya nguvu inakwenda nyuma, ukikanyaga ya mguu nyingine inakwenda mbele. Mfumo kama huo una pistoni nyingi, na mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yasipobadilishwa kila baada ya miaka miwili, ndani kunaanza kutu. Tulipofungua kifuniko, yalikuwa na rangi ya chai.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, na muuzaji alizisifia. Tukasoma tarakimu nne zilizogongwa ubavuni: 2714, yaani wiki ya 27 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo haushiki barabara yenye maji, na kwa karibu tayari ulionyesha nyufa nyembamba. Tairi hizo zilikuwa zimekwisha, ingawa kashata ilisema vingine.

Mkwaruzo uliokuwa kwenye kinga ya plastiki upande wa kushoto ulimtia jamaa yangu wasiwasi kuliko yote hayo. Mimi sikuutoza hata pauni moja. ST1100 ina kinga maalumu pande zote mbili za kubeba uzito ikianguka imesimama, na ilikuwa imefanya kazi yake. Plastiki za juu zilikaa sawasawa, masikio yake ya skrubu hayakuvunjika, na usukani haukupinda. Ilianguka gereji, haikuanguka barabarani.

Sasa hesabu. Kwa bei za fundi wa mtaani, tairi mbili pamoja na kufunga ni pauni 260, beringi za usukani 130, breki kufunguliwa, kusafishwa na kuwekwa mafuta mapya 150. Mkanda wa taimingi, ambao hapakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha umewahi kubadilishwa, 200. Jumla 740. Mnunuzi mwenye pupa angeiondoa yote kutoka kwenye 2,200 na kutoa 1,460, na angekuwa amemdhulumu muuzaji.

Sababu ni kwamba bei ya msingi tayari ina uzee ndani yake. Hakuna anayeuza pikipiki ya 1998 kwa pauni 2,200 ikiwa na tairi mpya na kila kitu kipya. Pikipiki ya kawaida ya bei hiyo ina tairi zilizofika nusu ya maisha yake, kwa hiyo tofauti ya haki kwenye tairi ni nusu, pauni 130. Mkanda vivyo hivyo: nyingi za umri huo hazina ushahidi kwamba umebadilishwa, na soko limeshalijua hilo. Mkanda wa ST1100 unadumu zaidi ya kilomita 100,000, lakini miaka nayo inauchosha, na ukikatika injini iko hatarini. Nikatoza nusu, pauni 100. Breki na beringi ni jambo tofauti. Pikipiki inayoitwa nzima haina breki zinazong'ang'ania wala usukani unaonasa, kwa hiyo hizo nilizitoza zote. Jumla ikawa 510, na bei ikashuka hadi 1,690.

Muuzaji naye alikuwa na hoja yake. Alitoa risiti ya shokapu mpya ya nyuma iliyomgharimu pauni 600, na ndiyo iliyokuwa imempandisha hadi 2,400. Fedha ya matengenezo hairudi yote wakati wa kuuza, na mwenye chombo huumia kulisikia hilo. Lakini kusema hairudi hata kidogo si haki. Shokapu ya asili ya umri ule huwa imelegea, na mtu anayesafiri na abiria anaisikia tofauti kila kwenye tuta. Tulimwongezea 150. Maboksi ya pembeni hatukuyahesabu, kwa kuwa Pan-European huuzwa nayo, ila kama yangekosekana tungepunguza. Tukafika 1,840. Tulimsomea hesabu nzima mstari kwa mstari, akabisha kuhusu beringi, nikamwomba ageuze usukani mwenyewe. Akageuza. Akasema 1,850, wakapeana mikono.

Gurudumu la nyuma lilipotolewa ili kubadilisha tairi, fundi aliangalia meno yanayounganisha gurudumu na shafti. Yanatakiwa kupakwa grisi maalumu kila gurudumu linapotoka, na wengi husahau. Yalikuwa makavu lakini hayajalika. Yangekuwa yamelika, hesabu yetu ingekuwa imepungukiwa, maana hayaonekani gurudumu likiwa mahali pake. Njia pekee ya kujikinga ni kuuliza ni nani aliyefunga tairi za mwisho na kama aliyapaka.

Pikipiki nyingine zina orodha zake. Gold Wing GL1500, iliyouzwa kuanzia 1988 hadi 2000, nayo inataka ushahidi wa mikanda ya taimingi. BMW R1150RT ya kuanzia 2001 unaisikiliza pampu ya breki inapowashwa, kwa sababu ubovu wa mfumo ule unaweza kukaribia thamani ya pikipiki nzima.

Kwa wasomaji wa Nairobi, Arusha au Kampala, pikipiki kubwa za safari mara nyingi hufika mikononi mwenu kutoka kwa wasafiri waliovuka Afrika na kuchoka njiani. Hapo swali la kwanza linatangulia hata injini: je, iliingia kwa karneti, kile kijitabu cha forodha kinachoruhusu chombo kupita bila kulipiwa ushuru? Kama ni hivyo, mwenyewe hawezi kuiuza kihalali mpaka ushuru ulipwe na karneti ifungwe. Bei nzuri ya msafiri anayeharakisha kupanda ndege inapaswa kupunguzwa ushuru wote huo, pamoja na gharama ya usajili, kabla hujaanza kuhesabu tairi. Na tairi zenyewe zihesabiwe kwa bei ya kuziagiza: ST1100 inavaa 110/80 ya inchi 18 mbele na 160/70 ya inchi 17 nyuma, na hiyo ya nyuma ni saizi ambayo hata Ulaya huna uchaguzi mpana wa kuipata.