Robo Duara

Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote tu. Inagombana na hewa iliyobanwa ndani ya silinda, inarudi nyuma kidogo, kisha inatulia, na karibu kila mara inatulia katika moja ya sehemu mbili zilezile. Kesho yake ufunguo ukizungushwa, stata inapiga palepale ilipopiga jana. Asubuhi za namna hiyo zikifuatana miaka ishirini, ringi ya meno inayozunguka flaiwili inabaki nzima kote isipokuwa mahali pawili panapotazamana, ambapo meno yamelika na kuchongoka upande mmoja. Injini ya silinda sita huliwa mahali patatu. Mwenye gari hajui lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba siku nyingine gari linawaka kwa mguso mmoja, na siku nyingine linatoa mlio wa chuma kukwaruza chuma, mlio unaowaamsha majirani wa ploti nzima.

Haya nimefundishwa na fundi mmoja wa Kabiro, Kawangware, ambaye vijana wake wanamwita Guka na wateja wanamwita Mzee. Gereji yake ni kiwanja cha udongo mweusi wa oili kati ya nyumba za mabati, na kivuli chake ni turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili na tawi la mti. Siku niliyokaa naye kutwa aliletewa Peugeot 504 pikapu ya mama anayebeba viazi na kabichi kutoka Limuru.

"Mzee, hii ni bendiksi ya pili nimenunua," mama alilalamika kabla hata hajashuka. "Inashika wiki mbili, halafu inaanza kulia tena."

"Mama, bendiksi haina makosa," Mzee akamjibu. "Umeng'oa meno ya chini ukaweka mapya, ya juu ukayaacha na uozo wake. Utatafunaje?"

Fundi wa haraka angefungua stata, akatazama bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayoingia kwenye ringi, akasema imekwisha, akampigia simu mtu wa spea kule Grogan (Barabara ya Kirinyaga ina jina hilo jipya miaka mingi sasa, lakini nani analitumia akitafuta spea?). Mzee alifungua stata kisha akaiweka kando. Alimwambia kijana azungushe injini polepole kwa spana kutoka mbele, kwenye puli, naye akalala chini ya gari na tochi, akichungulia kupitia tundu lililoachwa na stata. Kila jino baya lilipopita alilipaka chaki. Kijana alizungusha mpaka chaki ya kwanza ikarudi. Mzee akatoka, akajifuta mikono, akatangaza: "Mahali pawili. Kama kawaida." Halafu akaishika ile shafti ya stata kwa vidole viwili na kuitikisa. Ilicheza. Bushi ya shaba iliyo mwishoni mwake, kitu kidogo kuliko kofia ya chupa ya soda, ilikuwa imelika, na shafti ilikuwa ikiinama kila ilipovutwa na umeme. Bendiksi ilikuwa inaingia kwenye ringi upande upande. Mama angenunua ya tatu na ya nne, zote zingeliwa, na kila muuzaji angemwambia kwamba siku hizi vitu ni feki. Vingine ni feki kweli, sibishi. Lakini hapa wakosaji walikuwa bushi na ringi iliyolika.

Kushusha giaboksi ili kuifikia ringi ni kazi ya mgongo na matusi, niipite. Nataka kukaa kwenye makaa.

Ringi ya flaiwili haikufungwa kwa nati wala bolti. Imevalishwa ikiwa moto, ikapoa na kujibana. Ili ivae tena, lazima ipanuke tena. Wengine huichoma kwa gesi, wakizungusha ule moto mkali sehemu baada ya sehemu, na Mzee anawasikitikia: gesi inaunguza mahali pamoja huku pengine pakiwa baridi, ringi inapinda, na meno yaliyokomazwa kiwandani yanarudi kuwa laini. Yeye aliigonga ringi kuukuu kwa tindo na nyundo ya risasi, taratibu, akihama kila baada ya pigo, mpaka ikavuka ukingo. Akaisugua kwa msasa sehemu moja mpaka chuma kikang'aa. Ndipo akailaza juu ya makaa aliyoyasambaza kwa duara lenye upana wa ringi yenyewe, akachuchumaa, akaacha kuongea.

Alikuwa akitazama pale paliposuguliwa. Chuma kikipata joto kinabadili rangi kabla ya kuwa chekundu: kwanza manjano hafifu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano inakuja kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, na hapo ringi imepanuka vya kutosha kuvaa. Ukingoja buluu umeharibu meno. Mzee hana kipimajoto. Ana kile kipande kilichosuguliwa, na ana macho, ingawa jicho la kushoto limeanza ukungu. Kijana aliyekuwa na koleo alitaka kunyanyua mapema, akakatazwa kwa kidole. Rangi ilipofika, Mzee alisema neno moja tu, "Sasa," na ringi ikanyanyuliwa na watu wawili, ikashushwa juu ya flaiwili iliyokuwa ikingoja kivulini, baridi. Alama ya chaki haikurudi ilikotoka. Ilisogezwa robo duara. Mahali pawili pale pa kusimamia sasa pamepata meno ambayo hayajawahi kuguswa tangu gari litoke kiwandani. Walikuwa na sekunde chache za kugongagonga ikae sawa, kisha ringi ikashika, na nafasi ya kuirekebisha ikaisha.

Miaka ikipita na robo hiyo nayo ikaisha, alinieleza, ringi inaweza kugeuzwa juu chini, kwa sababu bendiksi huingilia upande mmoja tu na upande wa pili ni mzima. Lakini hapo lazima kila jino lichongwe pembe kwa tupa ili bendiksi ipate mlango wa kuingilia, na meno ni zaidi ya mia. Ameifanya kazi hiyo. Siku nzima, tupa moja, jino kwa jino.

Nilipokuwa mtoto Riruta, mwalimu jirani yetu alikuwa na 504 nyeupe, gari ambalo lilikuwa limeshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na ambalo yeye alilifuta kwa kitambaa kila Jumamosi kana kwamba aliyeshinda ni hilohilo la kwake. Alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, mwalimu alitia gia ya nne, akashuka, akaegemeza bega kwenye nguzo ya mlango na kulisukuma gari nusu shubiri. Tulikuwa tukigombania kumsaidia, naye alitufokea tusizidishe. Nusu shubiri, si shubiri nzima. Halafu anavuta breki ya mkono, anatoa gia, anawasha. Tulidhani ni dua. Kumbe alikuwa akiondoa injini kwenye lile pengo la meno, na tukisukuma kupita kiasi ingefika kwenye pengo la pili. Mtu wa Kiingereza na Historia, hakuwa fundi, lakini alilijua gari lake hadi kwenye jino.

Stata ya umeme iliyokuja kuenea ilibuniwa na Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912. Kabla yake ilikuwa hendeli, ambayo injini ikirudisha kinyume iliweza kuvunja kifundo cha mkono. Uvumbuzi huo ulimwondolea dereva hatari, na pia ulimwondolea sababu ya kuijua injini yake. Huku kwetu, ujuzi wa kuitunza uliishia kwa watu wa jua kali, ambao serikali ilichukua muda kuwaona. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya, mwaka 1972, ilisema wazi kwamba watu hawa wanafanya kazi yenye tija. Miaka ya 1980 wa Kamukunji wakajengewa vibanda. Kabiro bado ni turubai.

Vijana wawili wa Mzee si wavivu. Mmoja ana kile kifaa cha kusoma makosa ya gari kwenye simu, na anakisoma vizuri. Tatizo liko kwenye magari yenyewe. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mengi yanayoteremshwa Mombasa ni ya gia otomatiki. Hayo hayana flaiwili nzito ya kuvalishwa ringi. Yana sahani nyembamba ya chuma, na meno yamechomelewa humo moja kwa moja. Yakilika, hakuna robo ya kusogeza wala upande wa pili wa kugeuza. Unatoa sahani nzima, unaweka nyingine. Watengenezaji wameiondoa ile nafasi ambamo ustadi ulikuwa ukikaa, na hatukulalamika, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuzoea kusema "toa, weka" hata pale ambapo ringi ilikuwa na maisha mengine mawili ndani yake.

Mama alilipa bushi ya shaba na ufundi, fedha pungufu ya bei ya bendiksi zake mbili, na bado alijaribu kupunguziwa. Mzee alimpunguzia mia mbili. Nilimuuliza ringi kama hizi huletewa mara ngapi. Zamani zilikuwa foleni, akasema. Sasa ni hii pikapu, Land Rover moja ya kanisa na Datsun ya mzee mwenzake wa Uthiru, na mwenye kiwanja ameshakuja na watu wa kupima mara mbili, anataka kupandisha ghorofa. Yule kijana wa simu nilimuuliza kama angeweza kuitambua ile manjano akiwa peke yake. Alisema sijui, labda, lakini ya nini?