Asilimia Tisini: Nani Msimulizi?

Tukisoma riwaya tunauliza kwanza nani anasimulia. Mbona hatuulizi hivyo tukisoma takwimu? Chukua ile ya kisomo Tanzania. Mwaka 1967 waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 33. Mwaka 1986 wakafika asilimia 90.4. Halafu sensa ya 2012 ikaja na asilimia 78 hivi kwa wenye miaka 15 na zaidi. Jamani, watu walisahau kusoma?

Wapo waliosahau, maana asiye na kitabu husahau. Lakini msimulizi naye kabadilika. Ile ya 1986 ilitokana na mtihani wa kitaifa: aliyefika hatua ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa. Sensa haimtahini mtu. Huuliza tu, na mara nyingi mkuu wa kaya ndiye anayewajibia wote. Mhusika wa namna hiyo, anayewasemea wenzake, sisi wahakiki tumezoea kumshuku.

Kinachonikera zaidi ni msamiati. Kampeni iliitwa ya kufuta ujinga, na wanafunzi wake wakaitwa ngumbaru. Basi bibi anayeghani utenzi mzima kwa ghibu, ila hajui herufi, akaingizwa safu ya wajinga! Tarakimu haikumtukana, jina la safu ndilo lililomtukana. Na msomaji wa gazeti, akiona ujinga umebaki asilimia 9.6, nadhani aliona kazi iliyokwisha. Nani tena angethubutu kuomba fedha za chaki kwa darasa la ngumbaru?