Mradi wa Kwanza wa Rust na Kazi ya Cargo

Rust, lugha iliyoanzishwa na Graydon Hoare na kulelewa Mozilla hadi toleo la 1.0 lilipotoka Mei 2015, husakinishwa kwa rustup. Programu hiyo huleta kompaila, rustc, pamoja na Cargo inayosimamia mradi mzima. Kwenye Linux, kikwazo cha kwanza mara nyingi hakimo ndani ya Rust. Hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande vya programu, rustc huiachia zana ya mfumo iitwayo cc, na kompyuta isiyo na gcc wala clang hukwama hapo ikilalamika kwamba cc haipatikani. Kwenye Ubuntu, kifurushi cha build-essential humaliza tatizo.

Amri ya cargo new salamu huunda folda yenye Cargo.toml, src/main.rs na hazina ya Git. Ndani ya main.rs tayari mna programu fupi, hivyo cargo run huleta matokeo kabla mtu hajaandika mstari wowote. Kinachozalishwa huwekwa katika target, folda inayovimba haraka. Ikifutwa, Cargo huijenga upya.

Uamuzi wa busara kuliko yote katika muundo wa Cargo ni kutenganisha kinachoombwa na kilichopatikana. Cargo.toml ni ya mtu: hutaja jina la mradi, toleo lake na maktaba zinazohitajika. Cargo.lock huandikwa na Cargo yenyewe. Anayeomba maktaba ya rand kwa kuandika rand = "0.8" katika Cargo.toml hajaomba toleo moja tu, ameruhusu lolote kuanzia 0.8.0, mradi lisifike 0.9. Cargo huchagua moja ndani ya mipaka hiyo, tuseme 0.8.5, kisha hulisajili katika Cargo.lock pamoja na alama ya kuhakiki kifurushi, na kufanya vivyo hivyo kwa kila maktaba ambayo rand nayo inaitegemea. Kwa hiyo Cargo.lock ya programu ya kuendeshwa ihifadhiwe kwenye Git. Bila hiyo, atakayeuchukua mradi mwaka ujao anaweza kupata maktaba tofauti na kutafuta kosa ambalo msimbo wenyewe hauna. Matoleo mapya huletwa kwa cargo update, pale mwenye mradi anapoamua.

Katika kazi ya kila siku, cargo check hukagua msimbo bila kuzalisha programu, hivyo hujibu upesi kuliko cargo build. Programu ya kuwapa watumiaji hujengwa kwa cargo build --release: ujenzi huchukua muda zaidi, lakini programu hukimbia kwa kasi kubwa.